Bomba la Roketi Ndogo Likikataa: Dalili na Vyanzo Vyake

Bomba la karatasi lenye kasoro huonyesha dalili nyingi, lakini vyanzo vyake ni vichache: nyuzi za karatasi zimelala upande gani, maji kiasi gani yameingia pamoja na gundi, na fimbo ya kuviringia ina kipenyo gani. Watu wengi huanza kwa kubadilisha gundi. Anza na karatasi. Mara nyingi yenyewe ndiyo yenye makosa.

Yanayoelezwa hapa yanahusu mabomba ya mwili na ya kushikia injini katika roketi za mfano, zile zinazorushwa kwa injini za kiwandani za kutumika mara moja. Mchezo huu ulianzia Marekani kwa mpenzi wa fataki, Orville Carlisle wa mji wa Norfolk, Nebraska, ambaye mwaka 1954 alitengeneza roketi nyepesi yenye injini ya kubadilishwa na parachuti ya kuirudisha chini. Wazo lake ndilo linalofuatwa hadi leo: baruti inabaki ndani ya injini iliyotengenezwa na kupimwa kiwandani, na bomba la mwili linabeba tu. Kwa hiyo usijaze mchanganyiko wowote unaowaka ndani ya bomba lililoelezwa hapa. Ukuta wake ni wa nusu milimita, na shinikizo la moto litaupasua mikononi mwako. Injini zenyewe, kwa kuwa ndani yake mna baruti nyeusi, huhesabiwa miongoni mwa vilipuzi katika nchi nyingi. Ukiwa Kenya au Tanzania, ulizia kibali kabla ya kuagiza hata moja.

Vipimo vya kuanzia

Huwezi kujua kosa kabla hujajua kipimo sahihi. Injini za kawaida kama A8-3, B6-4 na C6-5 zina kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 70. D12 ina kipenyo cha mm 24. Zile ndogo kabisa ni za mm 13 kwa 45. Mabomba ya kiwandani ya Estes, kampuni ya Marekani ya roketi za mfano, yamefuata vipimo hivyo: BT-20 lina mm 18.0 kwa ndani na 18.7 kwa nje. BT-50 lina 24.1 na 24.8, BT-60, ambalo hutumika sana kwa mwili wa roketi ya ukubwa wa kati, lina 40.5 na 41.6. Ukitoa na kugawa kwa mbili utaona kuta ni za mm 0.35 hadi 0.55 tu. Wepesi huo ni wa makusudi.

Bomba la nyumbani huhitaji ukuta mnene kidogo, karibu mm 0.5. Karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 ina unene wa takriban mm 0.1, hivyo mizunguko mitano inatosha. Urefu wa karatasi unaohitajika ni 3.14 × idadi ya mizunguko × (kipenyo cha fimbo + idadi ya mizunguko × unene wa karatasi). Mfano: fimbo ya mm 24.3, mizunguko 5, karatasi ya mm 0.1, unapata 3.14 × 5 × 24.8, yaani mm 389. Karatasi mbili za A4 zikifuatana kwa upande wake mfupi zinatoa mm 420, yaani mizunguko mitano na zaidi kidogo, na bomba la urefu wa mm 297. Karatasi ya kaki ya gramu 80 hadi 120 ni bora zaidi kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, na unaipata kwa mita au kwa kukunjua mifuko mikubwa isiyo na nta ndani.

Dalili: karatasi inakataa kuviringika, inavunjika mistari, au inajifungua

Nyuzi zimekaa vibaya. Mashine ya kutengeneza karatasi hulaza nyuzi nyingi upande mmoja, na karatasi hukunjika kwa urahisi pale mkunjo unapokwenda sambamba na nyuzi hizo. Kwa bomba, nyuzi zinatakiwa zielekee sawa na urefu wa fimbo. Zikikaa kinyume, karatasi inasukuma kujinyoosha, mzunguko wa mwisho unainuka kabla gundi haijashika, na karatasi nzito huvunjika mistari midogo sambamba na fimbo.

Kujua mwelekeo wa nyuzi ni kazi ya dakika moja. Kata vipande viwili vya sm 2 kwa 15 kutoka karatasi ileile, kimoja kwa urefu wake na kingine kwa upana wake. Vishike pamoja kwenye ncha moja, vikae mlalo. Kile kinachobaki kimenyooka ndicho nyuzi zake zimekwenda kwa urefu. Kile kinachoinama mapema nyuzi zake ziko kwa upana. Njia nyingine ni kulowesha upande mmoja wa kipande cha mraba: kitajikunja kuwa bomba lenyewe, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, lakini pima kila rimu mpya.

Kwa karatasi nzito isiyotaka kutii, ivute juu ya ukingo wa meza mara mbili tatu ikiwa kavu, upande utakaokuwa ndani ukitazama chini, ili ianze kujikunja kabla haijaona gundi.

Dalili: malengelenge na makunyanzi

Hapa maji yamezidi. Karatasi ikilowa hutanuka, na hutanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Ikiwa sehemu moja imelowa na jirani yake ni kavu, iliyolowa haina pa kwenda ila kuinuka. Gundi nyeupe ya mbao ikiwa nzito sana kwa brashi, ongeza maji sehemu moja kwa kila sehemu tatu za gundi na usipite hapo. Wanaochanganya nusu kwa nusu hupata gundi inayopakika vizuri na bomba lililokunjamana.

Paka safu nyembamba kiasi cha kuona rangi ya karatasi chini yake. Kisha subiri sekunde 30 hadi 60 karatasi imalize kutanuka ndipo uviringe; ukiviringa papo hapo itatanukia ndani ya bomba, na lengelenge litatokea baada ya wewe kuondoka. Rola ndogo ya sponji inasambaza gundi sawasawa kuliko brashi. Unapoviringa, pitisha ukingo wa kadi ngumu ya plastiki kutoka katikati kwenda nje kila robo mzunguko ili hewa itoke.

Lengelenge dogo lililokwisha kauka linaweza kutobolewa kwa sindano, likaingizwa tone la gundi na kukandamizwa. Kunyanzi lililopita kwenye tabaka tatu halitibiki. Bomba hilo likate vipande vya pete na viungio. Usilirushe, kwa sababu ukuta utavunjika pale pale.

Dalili: bomba limegandia fimbo

Kasoro hii ndiyo hukatisha tamaa kuliko zote, na ina vyanzo viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni gundi kufika kwenye fimbo. Mzunguko wa kwanza hautakiwi kuwa na gundi. Kwa fimbo ya mm 24.3 mzunguko mmoja ni mm 76. Acha mm 70 za mwanzo zikiwa kavu, uanze kupaka baada ya hapo. Ukiacha zaidi ya mzunguko mzima, tabaka la ndani litaning'inia na injini itakwama nalo. Funika fimbo kwa mzunguko mmoja wa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, au ipake nta ya mshumaa na kuifuta kwa kitambaa. Usitumie mafuta ya kupikia: yanapenya kwenye karatasi na gundi haitashika tena mahali hapo.

Chanzo cha pili hakina uhusiano na gundi kabisa. Karatasi inayokauka husinyaa, na kwa kuwa nyuzi zimelala kwa urefu wa fimbo, kusinyaa kwingi kunakwenda kwenye mzingo. Bomba linaibana fimbo kama pete kwenye kidole kilichovimba. Ukiliacha mpaka asubuhi hutalitoa. Livute likiwa bado na unyevu, dakika 10 hadi 20 baada ya kuviringa, tabaka la nje linapokuwa limeshika lakini bado ni baridi ukiligusa. Zungusha fimbo kinyume cha upande ulioviringia huku ukivuta. Mzunguko wa ndani unafunguka kidogo na kuachia. Ukizungusha upande uleule ulioviringia, unaukaza. Kwa sababu hii fimbo iwe ndefu kuliko bomba kwa sm 5 kila upande, la sivyo hutakuwa na pa kushika.

Bomba lililokwisha kwama kwenye fimbo ya chuma: weka fimbo kwenye friji kwa saa moja, chuma hupungua kidogo. Kwenye fimbo ya mbao, chana bomba kwa urefu na uanze upya. Kulilowesha ili liachie kunaharibu vyote viwili.

Dalili: ncha zinatoka ngazi, au bomba ni nene upande mmoja

Ukingo wa karatasi haukuwa wima dhidi ya fimbo. Kosa la mm 1 kwenye upana wa mm 300 linasogeza karatasi karibu mm 1.3 kufikia mwisho wa mm 390. Linaonekana dogo, ila kila mzunguko unalionyesha kwa ngazi. Kata karatasi kwa rula ya chuma na guni (kifaa cha fundi cha kupimia pembe mraba), na bandika ukingo wa kwanza kwenye nailoni ya fimbo kwa vipande viwili vidogo vya masking tepu, kimoja kila mwisho, kabla ya kuzungusha chochote.

Ikiwa ukingo ulikuwa sawa lakini mwisho mmoja umelegea, mikono yako haikusukuma kwa nguvu sawa. Tumia ubao bapa wa upana wa bomba zima, uuweke juu ya fimbo na kuusukuma mbele juu ya meza. Unakandamiza urefu wote kwa mpigo mmoja. Ngazi ndogo za mwisho zikatwe, ndiyo maana ni busara kuviringa bomba lenye ziada ya mm 10 kila upande.

Dalili: injini haiingii, au inacheza

Injini inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na isidondoke yenyewe ukigeuza bomba. Pima fimbo kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), usiamini jina la dukani. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme la mm 20 au 25 lina kipimo hicho kwa nje, kwa hiyo bomba la karatasi utakalolipata kwa lile la 25 litakuwa na kipenyo cha ndani kinachozidi injini ya 24 kwa milimita moja. Fimbo ya mbao ni rahisi kurekebisha: mzunguko mmoja wa karatasi ya gramu 80 unaongeza kipenyo kwa mm 0.2. Kwa injini ya mm 18 lenga fimbo ya 18.2, kwa ya 24 lenga 24.2 au 24.3.

Masking tepu ya kawaida ina unene wa karibu mm 0.13, hivyo mzunguko mmoja juu ya injini unaongeza kipenyo kwa robo milimita. Mizunguko miwili au mitatu ni sawa. Ikihitajika mitano, bomba hilo tengeneza upya.

Kuna hali ambapo bomba lililofaa nyumbani linakataa uwanjani. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Anayetengeneza bara mahali pakavu kisha akapeleka Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika ataona ukuta wa ndani umekaza. Viringisha msasa namba 220 kwenye kijiti, usugue ndani mara chache, halafu paka sila nyepesi ya mbao ndani na nje ili karatasi isiendelee kunywa.

Dalili: bomba limepinda au limekuwa na umbo la yai

Limekauka upande mmoja. Juani, upande unaotazama jua husinyaa kwanza na kuvuta bomba zima. Likilazwa mezani, upande wa chini unabaki mbichi na uzito wenyewe unalibonyeza. Lisimamishe kivulini penye hewa, na kwenye kila mwisho ingiza kizibo cha mviringo cha kadibodi chenye tundu katikati ili hewa ipite. Saa 24 zinatosha mahali pakavu. Penye unyevu mwingi hesabu siku mbili hadi tatu. Mizani ndogo ya jikoni inatoa jibu la uhakika zaidi kuliko kidole: pima asubuhi na jioni, na uzito usipopungua tena, limekauka.

Kujua kama limenyooka, livingirishe juu ya kioo na utazame mwanga chini yake. Kujua kama ni duara, pima kipenyo sehemu moja mara mbili kwa kukatiza. Tofauti ya zaidi ya nusu milimita itafanya pua ikae upande. Bomba lililopinda likikauka halinyooki tena kwa kudumu. Kata sehemu fupi zilizonyooka uzitumie kushikia injini.

Dalili: tabaka zinabanduka baada ya wiki kadhaa

Ikiwa tabaka zinaachana kavu na safi, gundi ilikauka kabla hujaviringa, au karatasi ilikuwa na mng'ao wa kiwandani usiopitisha maji. Karatasi ya magazeti ya rangi na ya kalenda haifai hata kidogo kwa gundi hii. Ikiwa zinaachana zikiwa laini na zinanata, bomba limepata unyevu. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika tena. Na ukiona madoa ya kuvu au alama za kutafunwa, ulitumia uji wa ngano. Uji wa ngano unashika vizuri na ni rahisi, lakini mende na kuvu huupenda, hivyo mahali pa joto na unyevu uuache.

Dalili: mapezi yanabanduka na kuacha ngozi ya karatasi

Mabomba mengi ya kiwandani yana tabaka la nje linalong'aa. Gundi inashika mng'ao, na mng'ao unaachana na bomba. Sugua mstari wa pezi kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao uishe, paka gundi nyembamba, iache ikauke, kisha gundisha pezi kwa safu ya pili. Mifereji ya msokoto inayoonekana kwenye bomba hilo haina madhara; jaza kwa sila na sugua ukitaka rangi itoke laini.

Dalili: bomba la kuokota ni gumu na zuri, lakini roketi haipandi

Migolo ya vitambaa kutoka kwa wauza nguo, yaani mabomba ya kadibodi yanayoviringishiwa vitambaa, huvutia kwa ugumu wake. Fanya hesabu kwanza. Mgolo wenye kipenyo cha ndani cha mm 38, ukuta wa mm 4 na urefu wa mm 450 una karibu sentimita za ujazo 237 za kadibodi, yaani gramu 160 au zaidi. Injini ya C6-5 imewekewa kikomo cha takriban gramu 113 kwa roketi nzima ikiwa na injini yenyewe. Bomba la ukuta wa nusu milimita la ukubwa huohuo halifiki gramu 25.

Mgolo huo hata hivyo ni hazina kama fimbo ya kuviringia: umenyooka, ni duara, na hupatikana bure. Ufunge nailoni tu. Migolo ya karatasi za chooni ni myepesi lakini mifupi na laini; inafaa kwa majaribio na kwa kutengeneza viungio, na ukiitumia kwa mwili funika kwa mizunguko miwili ya karatasi ya kaki inayopita juu ya maungio yote. Ya karatasi za foili za jikoni ni migumu kiasi na mirefu, ila kipenyo hutofautiana kutoka chapa moja hadi nyingine, hivyo pima kabla ya kununua pua.

Dalili baada ya kuruka

Mpasuko mrefu kutoka mdomo wa bomba kwenda chini ni kazi ya kamba ya parachuti. Parachuti imefunguka roketi ikiwa bado na kasi, na kamba imekata ukuta. Tazama tarakimu ya mwisho kwenye injini: katika C6-5, tano ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kuisha, kabla injini haijafyatua parachuti nje. Roketi nzito ikitumia C6-5 inakuwa imeanza kuanguka kwa kasi, jaribu C6-3. Roketi nyepesi inaweza kuwa bado inapanda, ihitaji C6-7. Pia refusha kamba ifike mara mbili hadi tatu ya urefu wa roketi, na mdomo wa bomba, mm 10 za mwisho, unyweshe supagluu nyepesi kwa ndani uwe mgumu.

Ukuta wa ndani uliobabuka na kuwa laini juu ya injini unaonyesha karatasi za kinga, zile zinazokaa kati ya injini na parachuti, hazikutosha. Weka tatu au nne zilizotiwa dawa ya kuzuia moto, zilegee na zijaze upana wote. Karatasi ya chooni ya kawaida haifai: inabaki na moto unaofuka na inaweza kuwasha nyasi inapotua. Bonyeza ukuta kwa kidole kila baada ya kuruka; ukibonyea kama kitambaa, ondoa bomba hilo kwenye matumizi.

Bomba lililojikunja kama kinanda cha mkono karibu na pua limeanguka kichwa chini bila parachuti, na mara nyingi kosa ni pua iliyokaza kwa unyevu. Shika roketi kwa pua na uitikise kidogo: mwili uteleze na kuachia. Geuza mdomo chini bila kutikisa: pua ibaki mahali pake. Sehemu iliyojikunja ikate kwa wembe mkali, kwa mapito mepesi mengi, ukiwa umeingiza fimbo ndani na kufunga ukanda wa karatasi nje kama mwongozo. Unganisha kipande kipya kwa kiungio cha urefu usiopungua vipenyo viwili, nusu kila upande, na baada ya gundi kukauka weka injini na parachuti, kisha pima upya roketi inapokaa sawa juu ya kidole. Sehemu hiyo iwe mbele ya kitovu cha nguvu za hewa (mahali ambapo msukumo wote wa hewa kwenye roketi unajumlika) kwa kipenyo kimoja cha bomba au zaidi. Kiungio kilichowekwa nyuma huirudisha nyuma sehemu hiyo, na hapo utahitaji kuongeza uzito kidogo kwenye pua kabla ya kurusha tena.